Siasa mbele ya kitanda cha mgonjwa



Katika mikutano ya vikundi vyetu, hasa kati ya wale wanaosomea uuguzi, ukunga na utabibu, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara: je, mganga au muuguzi anaruhusiwa kutoa maoni yake ya kisiasa akiwa kazini? Wengine hujibu upesi kwamba hospitali si uwanja wa mikutano ya hadhara, kwa hiyo anyamaze, afanye kazi yake. Wengine hujibu kwa upesi uleule kwamba mganga ni raia kama raia wengine, na kwamba katika nchi iliyojeruhiwa kama yetu, mwenye elimu akinyamaza amejiunga na watesi.

Kila upande umeshika sehemu ya ukweli. Hata hivyo tunaona kwamba majibu hayo mawili hayatoshi, kwa sababu yote mawili yanalitumia neno «siasa» bila kulipambanua. Tungependa kulitazama jambo hili polepole pamoja nanyi, tukianzia katika mambo yaliyotokea hapa kwetu mashariki ya Kongo, ambako swali hili limegharimu maisha ya watu.

Siasa ya namna gani?

Tukisikiliza vizuri yanayosemwa katika vituo vya afya, tunasikia mambo matatu tofauti yanayoitwa kwa jina moja.

La kwanza ni siasa ya vyama na wagombea: nani apigiwe kura, chama gani ni kizuri, kabila gani limekula vya kutosha na sasa liwaachie wengine. La pili ni madai ya wafanyakazi wenyewe: mshahara usiofika, posho ya hatari isiyolipwa, miaka mingi ya kazi bila jina kuandikwa katika orodha ya malipo ya serikali. La tatu ni ukweli ambao mganga anaujua kwa sababu ya kazi yake: kwamba watoto wanakufa kwa kukosa damu ya kuongezewa, kwamba wanawake wa kijiji fulani wanaletwa wakiwa wamebakwa, kwamba dawa zilizoahidiwa hazikufika.

Msimamo wetu ni huu, nasi tutajaribu kuutetea: la kwanza liachwe mlangoni mwa hospitali, la pili ni haki, lakini ina mipaka, la tatu si ruhusa tu bali ni wajibu. Anayeyachanganya matatu haya hutenda kosa moja kati ya mawili: ama anamgeuza mgonjwa kuwa kura, ama anaugeuza uoga wake kuwa adabu ya kazi.

Kwa nini chama kiachwe mlangoni

Tuanze na mgonjwa mwenyewe. Anayefika hospitalini hafiki kama mtu anayekwenda sokoni au kwenye mkutano wa chama. Amevuliwa nguo, amelala, ana homa, anaogopa. Hawezi kuondoka maneno yakimchukiza. Hapa kwetu kuna zaidi ya hayo: mara nyingi ana deni. Tunajua sote kwamba katika vituo vingi mama aliyejifungua huzuiwa na mtoto wake mpaka ndugu zake wapate pesa za kulipa. Mtu aliye katika hali hiyo, muuguzi akimwambia, «Sisi hapa tuko upande wa fulani, na wewe je?», atajibu nini? Atajibu lile analodhani litamfaa. Huko si kubadilishana mawazo. Mazungumzo ya kweli yanahitaji watu wawili walio huru, na hapo aliye huru ni mmoja tu.

Wakati wa kampeni za mwaka 2023, kuanzia tarehe 19 Novemba hadi 18 Desemba, miji yetu ilijaa kofia, fulana na vitenge vyenye sura za wagombea. Hakuna dhambi katika kitenge. Mama akivaa cha chama chake akienda sokoni, ni haki yake. Lakini mkunga akikivaa katika chumba cha uzazi, kila mama anayeingia humo anasoma ujumbe ambao hakuomba kuusoma. Aliye wa chama kingine anaanza kujiuliza kama atapewa kitanda, kama atachomwa sindano kwa upole, kama dawa aliyopewa ni ile ile wanayopewa wengine. Huenda mkunga hana ubaguzi hata kidogo moyoni mwake. Lakini mgonjwa hawezi kuusoma moyo, anasoma kitenge.

Tuchukue mfano mwingine. Mwaka huo huo wa 2023, serikali ilianzisha mpango wa kuwahudumia bure akina mama wanaojifungua, ikianzia Kinshasa. Muuguzi anayemweleza mama kwamba mpango huo upo, unagharimia nini na haugharimii nini, anafanya kazi yake. Akisema kwamba vifaa havijafika na kwamba mama atalazimika kununua glavu, anasema ukweli ambao mama anauhitaji. Lakini akisema, «Mshukuru mkubwa wetu, basi mkumbuke kwenye kura,» amevuka mpaka. Vivyo hivyo akisema, «Mnaona jinsi mkubwa wenu anavyowadanganya, mkamwangushe.» Sifa na matusi ni ndugu katika jambo hili: vyote viwili vinamtumia mgonjwa kwa faida isiyo yake.

Sheria ya nchi yetu imeliona jambo hili. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya 23, inamhakikishia kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 193, inasema kwamba utumishi wa umma hauna chama, hauegemei upande wowote, na kwamba hairuhusiwi kuugeuza uwe chombo cha mtu au cha kundi. Ibara hizi mbili hazipingani. Ya kwanza inamhusu mtu; ya pili inahusu kiti anachokalia. Mganga anapovua koti jeupe jioni, akaenda kwenye mkutano wa chama, akazungumza, akagombea, yuko chini ya ibara ya 23. Anapokuwa amelivaa, maneno yake hayasikiki kama ya mtu mmoja. Yanasikika kama maneno ya hospitali.

Waganga wa dunia nzima nao wamelikubali jambo hili tangu zamani. Tamko la Geneva, lililotolewa mwaka 1948 na Chama cha Waganga wa Dunia, kisha likarekebishwa mara ya mwisho mwaka 2017, linataja msimamo wa kisiasa pamoja na dini, rangi na taifa katika orodha ya mambo ambayo mganga anaahidi kutoyaacha yasimame kati yake na mgonjwa. Tamko hilo liliandikwa miaka mitatu tu baada ya vita ambamo waganga wa Ujerumani walikuwa wameutumikia utawala wa Hitler hata kufikia kuwaua wagonjwa. Waliotoa ahadi hiyo walijua walikuwa wakijikinga na nini.

Beni na Butembo: imani ikishavunjika

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo madogo: kofia, kitenge, neno moja la mzaha. Tunamwomba akumbuke yaliyotokea Kivu ya Kaskazini.

Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika eneo la Mangina, karibu na Beni. Watu wa huko walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi tangu mwaka 2014, na kilio chao kilikuwa hakijaleta msaada mkubwa. Ghafla yalifika magari, pesa, wageni na askari wa kuwasindikiza. Wananchi wakauliza swali la haki kabisa: tulipokuwa tukichinjwa mlikuwa wapi? Uchunguzi uliofanywa huko Septemba 2018 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola ipo.

Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura pamoja na nchi nzima. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotajwa zilikuwa usalama na Ebola. Upigaji kura wao ukaahirishwa hadi Machi 2019, na rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari kabla hawajatumbukiza karatasi hata moja. Kesho yake baada ya tangazo hilo, waandamanaji wa Beni walikivamia kituo cha kupokelea watu waliodhaniwa kuwa na Ebola, na wagonjwa wakakimbia. Siku ya uchaguzi wenyewe, wananchi wa Beni walijipanga mistari, wakapiga kura ya kwao isiyohesabika, ili tu kuonyesha kwamba wangeweza.

Tuone vizuri kilichotokea. Ugonjwa ulitumiwa kama sababu ya kuwanyima watu kura. Tangu hapo, kwa watu wengi, kila mwenye koti jeupe alionekana kama wakala wa waliowanyima kura. Wanasiasa wengine wa huko huko nao hawakukosa kuchochea, wakisema kwamba ugonjwa umeletwa ili kuwamaliza watu wa eneo lao. Kwa hiyo upande mmoja uliitumia Ebola kuchelewesha kura, na upande wa pili uliikana Ebola ili kupata kura. Katikati alibaki mama mwenye mtoto anayetapika, hajui ampeleke wapi.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019, Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Butembo, wakamwua Daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko aliyekuwa ametoka Kameruni kuja kutusaidia. Ugonjwa ulipotangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Chanjo yenye nguvu ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Ugonjwa huu ulituua ingawa tulikuwa na kinga mkononi. Wataalamu walirudia kusema kwamba kilichokosekana zaidi ya dawa ni imani.

Hatusemi kwamba waganga wa Butembo ndio waliosababisha hayo. Wengi wao walikufa kishujaa au waliishi miezi mingi wakilala na viatu miguuni. Tunachosema ni kwamba imani ya watu kwa mganga ni mali ya wote, na siasa ya vyama inaila mali hiyo haraka kuliko tunavyodhani. Uamuzi wa watu wachache huko Kinshasa ulitosha kuwachafulia jina wauguzi ambao hata hawakuulizwa. Je, kutakuwaje muuguzi mwenyewe anapoongeza kuni motoni kwa kauli zake? Aliyeishi miezi ile anajua kwamba muuguzi aliyeaminiwa na mtaa wake aliweza kuwaleta kwenye chanjo watu ambao msafara wa magari kumi haukuweza kuwaleta.

Hata hivyo, kimya nacho kinaua

Tukiishia hapo, tutakuwa tumewapa wakubwa zawadi wanayoipenda: waganga wasioongea. Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yako maradhi ya mwili, na yako maradhi ya nchi. Na mara nyingi wa kwanza kuyaona ya nchi ni yule anayetibu ya mwili.

Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Daktari Denis Mukwege alikuwa mganga wa hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini, iliposhambuliwa Oktoba 1996, mwanzoni mwa vita. Wagonjwa na wauguzi waliuawa humo humo hospitalini. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, akiwa na nia ya kuwasaidia akina mama wanaojifungua. Lakini wanawake waliomfikia hawakuwa wale tu wa uzazi. Walikuja waliobakwa na kuharibiwa miili kwa makusudi. Aliwashona. Wakaja wengine, naye akawashona. Kisha wakaja mabinti wa wale aliokwisha kuwashona.

Mganga anayeona hayo afanye nini? Anaweza kuendelea kushona na kunyamaza, na hakuna atakayemlaumu. Yeye alitambua kwamba ugonjwa huo haukuwa na chanzo chake mwilini, na kwamba hauwezi kutibiwa katika chumba cha upasuaji peke yake. Septemba 2012 alisimama katika Umoja wa Mataifa, akaishutumu dunia na serikali ya nchi yetu kwa kuyaacha mauaji na ubakaji uendelee. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake Bukavu. Mlinzi wake aliuawa, yeye akanusurika na kukimbilia ng'ambo. Januari 2013 alirudi. Wanawake wa Kivu, maskini kabisa, walikuwa wameuza mazao yao ili kuchangia tiketi yake ya ndege. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki, na huko Oslo alitumia nafasi hiyo kudai haki kwa makosa yaliyokusanywa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010.

Je, hiyo ni siasa? Waliotuma wauaji waliona ni siasa. Sisi tunaona kwamba ni taarifa ya mganga iliyofikishwa kwa wanaopaswa kuisikia. Nguvu yake haikutoka katika chama. Ilitoka katika meza ya upasuaji. Wala hakuwauliza wanawake wale walipigia kura nani kabla ya kuwatibu, wala hakuyatangaza majina yao ili apigiwe makofi.

Baadaye, tarehe 2 Oktoba 2023, Daktari Mukwege alitangaza kugombea urais, na katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba alipata chini ya kura moja katika kila mia. Wako wanaomcheka kwa hilo. Sisi hatumcheki. Alitumia haki ya raia, mbele ya wote, nje ya chumba cha wagonjwa. Lakini tunaomba vijana watambue kwamba hapo alikuwa ameingia katika jambo la aina nyingine. Ushuhuda hauhesabiwi kwa kura, na mganga anayeshuhudia hahitaji kushinda ili maneno yake yawe kweli. Mgombea huhukumiwa kwa hesabu ya karatasi. Shahidi huhukumiwa kwa ukweli wa alichokiona.

Mgomo na njaa ya muuguzi

Kati ya mambo mawili hayo liko lile la madai ya wafanyakazi. Haifai kumhubiria uvumilivu muuguzi ambaye watoto wake wamefukuzwa shuleni kwa kukosa ada wakati yeye amekesha na watoto wa wengine. Wengi katika vituo vyetu hawapati mshahara wowote wa serikali. Wanagawana kidogo kinachotokana na malipo ya wagonjwa. Kudai haki hiyo, hata kwa mgomo, si uasi. Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanakubali mgomo ikiwa ni njia ya lazima, ya amani, na yenye lengo la haki.

Mipaka yake tunaiona mitatu. Kwanza, huduma ya dharura isisimame: mama anayetokwa na damu hakuandika bajeti ya serikali. Pili, mgonjwa asifanywe mateka, asiambiwe, «Nenda kamwulize mbunge wako dawa.» Tatu, madai yabaki kuwa ya wafanyakazi, yasikodishwe na chama. Tumeona migomo iliyoanza na mishahara ikaishia na nyimbo za mgombea. Ikishafika huko, wakubwa hupata kisingizio cha kutolipa, na wananchi hupata sababu ya kutowaonea wauguzi huruma.

Pale penye silaha

Vijana wa Goma na Bukavu watatuambia kwamba tunaongea kana kwamba kuna amani. Tangu miji hiyo ilipotekwa, Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, muuguzi anaweza kuwa na majeruhi wa pande mbili katika chumba kimoja. Mwishoni mwa Februari mwaka huo, wapiganaji wa M23 waliingia usiku katika hospitali mbili za Goma. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba watu wasiopungua 130 walichukuliwa. Hapo neno «huyu ni wa upande ule», likitoka katika kinywa cha muuguzi, si maoni tena. Ni hukumu ya kifo.

Jirani zetu wa Rwanda walikwisha kuyaonja haya. Aprili 1994, katika hospitali ya Butare, wagonjwa na wauguzi Watutsi walitolewa vitandani na kazini, wakauawa. Kwa mauaji kama hayo hutangulia miaka ya maneno: mzaha juu ya kabila la fulani kazini, kikundi cha wafanyakazi cha «sisi kwa sisi», fishi ya mgonjwa iliyoonyeshwa kwa asiyehusika. Ndiyo maana tunasisitiza juu ya vitu vidogo. Siri ya kazi, ambayo wanafunzi wengi huiona kama sura ya kuikariri kwa ajili ya mtihani, mahali penye vita ni ukuta wa mwisho unaomkinga mgonjwa.

Msamaria wa Injili hakumwuliza mtu aliyepigwa kabila lake wala hakumweleza lake. Alimwosha vidonda na kumlipia malazi. Lakini tusimfanye kuwa bubu. Njia ile ya Yeriko ikiendelea kutoa majeruhi kila wiki, upendo huohuo utamtuma akawaambie wakubwa kwamba njia ina wanyang'anyi. Kunyamaza mbele ya kitanda na kusema mbele ya wakubwa ni pande mbili za upendo mmoja.

Tufanye nini basi?

Kwenu mnaosoma katika shule na vyuo vya uuguzi na utabibu, tungependa muwe na swali moja la kujiuliza kabla ya kufungua kinywa kazini: neno hili linamsaidia mgonjwa, au linamtumia mgonjwa? Likimsaidia, mseme hata kama litamkasirisha mkubwa. Likimtumia, mlimeze hata kama ni la kweli. Mkiona dawa zinaibwa, andikeni, pelekeni kwa mganga mkuu wa zoni ya afya, pelekeni kwa ofisi ya jimbo inayosimamia kazi za afya, semeni mkiwa wengi ili asiadhibiwe mmoja. Msianze na kikundi cha WhatsApp, wala msiweke huko picha ya mgonjwa hata kwa nia njema.

Kwenu msio wa kazi hiyo, mna sehemu yenu. Msimwulize muuguzi ni wa kabila gani kabla hamjakubali sindano. Msimlazimishe daktari wa parokia yenu apande jukwaani na mgombea wenu. Na mganga akisimama kusema ukweli, akatishwa, msimwache peke yake kama mti uwandani. Wanawake waliouza mazao yao kwa ajili ya tiketi ya Mukwege hawakuwa na elimu kubwa, lakini walijua kumzunguka shahidi wao.

Tunao mfano wa kijana wa rika lenu, ingawa hakuwa mganga. Floribert Bwana Chui alifanya kazi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani Goma. Mwaka 2007 alikataa rushwa ili asiruhusu chakula kilichooza kiingie sokoni. Akatekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri. Hakuhutubia, hakuvaa kofia ya chama. Alifanya kazi yake sawasawa mahali ambapo kuifanya sawasawa kulikuwa hatari, na wale waliotaka faida waliona kwamba uaminifu wake umewazibia njia. Mganga asiyemwuliza mgonjwa chama chake, asiyeuza dawa za hospitali, asiyetoa siri na asiyenyamaza mbele ya uovu, naye ameitumikia nchi kuliko hotuba nyingi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kituo cha afya cha mtaa wetu, ni mambo gani yanayomfanya mgonjwa adhani kwamba atabaguliwa kwa sababu ya kabila au chama? Tunaweza kubadilisha lipi mwezi huu?

2. Muuguzi ameona kwamba dawa za msaada zinauzwa kwa siri na mkubwa wake ambaye ni wa chama chenye nguvu. Aseme wapi, kwa nani, na sisi tumlinde vipi?

3. Wakati wa Ebola, nani aliaminiwa katika mtaa wetu na nani hakuaminiwa? Kwa nini?

4. Kati ya ushuhuda na kampeni, tofauti yake tunaitambuaje sisi wenyewe, katika kwaya, katika Kizito-Anuarite, katika Xaveri, uchaguzi unapokaribia?